Saa za ofisi na saa za maji: vile utamaliza shida yako Amu kwa safari moja

Hii naiandika kwa watu wetu wa Siyu, Pate, Faza, Kizingitini, Ndau mpaka Kiunga huko, na yeyote ambaye akitaka cheti au muhuri wa serikali lazima apande boti kwanza aje Amu, yaani mji wa Lamu. Mtu wa mtaa wa Langoni, hapa hapa Amu, akiambiwa njoo kesho anaenda zake nyumbani anakula analala kesho anarudi kwa miguu. Wewe ukiambiwa njoo kesho, hio kesho ina nauli yake, ina pa kulala, ina watoto uliowaacha kwa jirani, na pengine ina maji ambayo hayatakurudisha mpaka kesho kutwa.

Kwanza tujue saa zenyewe manake wengi twaenda tu bila kujua. Ofisi za serikali Kenya zafunguliwa saa 2 asubuhi, lanchi saa 7 mpaka saa 8, zafungwa saa 11 jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Ukipiga hesabu ni masaa 8 kwa siku, 40 kwa wiki. Wenzetu wa Tanzania wanaingia saa 1 na nusu wanatoka saa 9 na nusu, so kwa karatasi sie hatuna saa fupi hata kidogo, ufupi waanzia pale mlangoni.

Shangazi yangu alikuja kutoka Siyu kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, mtoto alizaliwa nyumbani kwa mkunga na shule ilikuwa imeshasema bila cheti haandikishwi. Ilikuwa Alhamisi, siku za maji mafu, yaani bahari haijai sana wala haipwi sana, boti ilichelewa kutoka na shangazi akafika ofisini saa 6 kasoro robo na makaratasi yake ndani ya mfuko wa nailoni ameufunga kwenye pembe ya leso. Tukakuta kiti kitupu, feni inazunguka juu yake, kikombe cha chai mezani kimeshafanya utando, na mtu wa meza ya pili anasema ametoka kidogo. Kutoka kidogo kukaunga na lanchi. Akarudi saa 8 na dakika 40, akasema sistemu iko chini, saa 10 mlango ukafungwa. Ijumaa akafungua saa 3, kufika saa 5 na nusu watu washaanza kujitayarisha na sala, na baada ya sala sie hatukumuona tena. Nilihesabu masaa ambayo hicho kiti kilikuwa na mtu siku ya Alhamisi tangu sie tufike, hayakufika mawili. Shangazi alilala kwangu mpaka Jumatatu. Kilichoniuma zaidi ya ule mlango ni kwamba siku zote nne hakulalamika, kila nikipandisha sauti ananishika mkono ananiambia, "Wacha mwanangu, serikali ndivyo ilivyo."

Hapana, serikali sivyo ilivyo. Na kila tukisema hivyo twampa yule karani ruhusa ambayo mwajiri wake hajampa. Sasa nimeshasindikiza jamaa wengi tangu wakati ule na haya ndio nimejifunza.

Anza na mwezi wa angani kabla ya kalenda ya ofisi. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama na ukifika siku ya kumi na tano na siku mbili tatu zinazofuata, maji kwetu hujaa saa 10 au 11 alfajiri, yanapwa katikati ya asubuhi, halafu yanajaa tena saa 10 au 11 jioni. Hizi ndizo siku zako. Waondoka Siyu na maji ya alfajiri, ofisi ikifunguliwa saa 2 wewe ushakunywa chai Amu, na alasiri maji yanapopanda yanakurudisha mpaka ndani ya mto. Siku za maji mafu, tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu hivi, mambo yanageuka, maji yanajaa saa 4 au 5 asubuhi, kwa hio unafika mjini ofisi inakaribia lanchi na jioni huna maji ya kurudia. Mtu wa bara anaweza kuona hii ni hadithi lakini mtu wa Siyu ajua, ule mto wa mikoko hauingiliki maji yakipwa, utashuka utembee matopeni na mtoto mgongoni. Kwa hio kabla hujauliza ofisi yafunguliwa lini muulize nahodha maji yakoje wiki ijayo, na kumbuka kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50, siku tatu tu zinabadilisha mpango wote.

Ukishapata siku za maji, sasa chagua kati ya hizo. Jumanne na Jumatano ndio bora, Jumatatu kuna msongamano wa watu waliokosa wiki iliopita. Ijumaa usije kabisa kama si lazima, na hapa simlaumu mtu anaekwenda kusali, sala ya Ijumaa ni haki yake na mie pia naenda, nasema tu siku ile asubuhi ni fupi na mchana hauna uhakika, na ofisi yenye karani mmoja hakuna wa kumshikia. Ramadhani njoo mapema sana, baada ya adhuhuri kila kitu kinapunguza mwendo. Wiki ya Maulidi mwezi wa Mfungo Sita mji unajaa wageni, boti zinajaa, pa kulala hakuna. Na wiki za mwisho za Juni ofisi zinahangaika kufunga hesabu za mwaka wa serikali unaoisha tarehe 30, ukienda na jambo linalohusu malipo utazungushwa.

Halafu jiulize, hii shida yangu kweli yataka ofisi? Mambo mengi siku hizi hayataki. Kujiandikisha SHA, hii bima ya afya ya serikali ilioingia badala ya NHIF Oktoba 2024, wabonyeza *147# ukiwa umekaa kwenye baraza yako. Huduma nyingi za serikali kuu ziko kwenye mtandao wa serikali wa eCitizen, nenda saiba, duka la intaneti, au mtafute kijana mwenye smatifoni akufungulie akaunti, lakini akaunti iwe kwa namba yako ya simu na nenosiri ulijue wewe, sio yeye. Nimeona wazee akaunti zao ziko na namba ya kijana wa saiba ambaye ameshahama mji, kujinasua hapo ni kazi kuliko ile shida yenyewe. Na ikiwa umepoteza kitambulisho wataka abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuonesha umeripoti kupotelewa, kituo cha polisi hakifungwi, kwa hio ichukue usiku au Jumapili usije ukapoteza asubuhi ya Jumatatu kwenye foleni ya abstrakti halafu ofisi ya kitambulisho ikakufungia.

Mambo ya chifu pia yamalize kwenu. Barua ya chifu au naibu wake ndio inayorudisha watu wengi zaidi pale dirishani, mtu amekuja na kila kitu isipokuwa ile barua, au barua ipo lakini haina muhuri, au ina muhuri na jina limeandikwa tofauti na la kitambulisho. Chifu ni jirani yako, mfuate hata magharibi nyumbani kwake kwa heshima umuombe, hatakataa kukupa saa ya kuja kesho yake. Na mama akijifungua hospitali asitoke wodini bila ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, wala asisubiri mtoto afike umri wa shule, manake ikipita miezi 6 inakuwa usajili wa kuchelewa na hapo makaratasi yanaongezeka na maswali pia. Aliyejifungulia nyumbani aende kwa naibu chifu wiki ile ile. Shangazi yangu alikaa miaka mitano ndio akaja, hizo siku nne ofisi ina makosa yake na sie wa nyumbani tuna yetu.

Kabla ya boti tafuta mtu Amu. Kila mtu wa visiwani ana jamaa mjini, muombe apite ofisini siku moja kabla aulize mambo matatu tu: anaehusika yupo kesho au ana semina, sistemu yafanya kazi, na orodha ya karatasi zinazotakikana. Orodha aipige picha kama imebandikwa ukutani akutumie. Na aulize ofisi ni gani hasa na iko wapi, manake ziko ambazo zimebaki kisiwani na ziko ambazo zimehamia Mokowe ng'ambo, hasa za kaunti, na mtu anaetoka Siyu kuja kugundua pale Mkunguni, Amu mjini, kwamba anatakiwa avuke tena kwenda Mokowe ameshapoteza nusu asubuhi. Kama huduma yako yapatikana Huduma Centre anza huko, zilianzishwa 2013 kwa sababu hii hii ya watu kuzungushwa ofisi hadi ofisi, madirisha ni mengi pahali pamoja na mmoja akitoka kula mara nyingi kuna mwengine.

Faili yako iwe hivi. Karatasi asili zote na fotokopi tatu za kila moja, usitegemee kupiga kopi mjini stima ikipotea je. Vitambulisho vya wazazi wote wawili mbele na nyuma. Kadi ya kliniki ya mtoto hata kama imechakaa. Picha za pasipoti. Kalamu yako mwenyewe. Daftari dogo. Simu imejaa chaji na ina bando na pesa ya kulipia iko kwenye M-Pesa tayari. Yote ndani ya mfuko wa nailoni halafu ndani ya mfuko mwengine, maji ya bahari hayasamehe karatasi, msimu wa kusi usiseme.

Fika saa 2 kasoro robo. Sio saa 2. Ofisi ikichelewa kufunguliwa ni juu yao lakini wewe uwe wa kwanza au wa pili, manake mwenye foleni ya mbele ndio anaejua kama karani ameingia saa ngapi. Andika kwenye daftari saa uliofika na saa mlango ulipofunguliwa. Salamu kwanza, ya kweli, muulize habari za asubuhi na za nyumbani, wengine ni watu wa bara wameletwa huku mbali na watoto wao na hakuna anaewasemesha isipokuwa kwa kulalamika. Halafu sema mapema, usingoje mpaka saa 6 ndio useme: "Mie natoka Siyu, boti yangu inarudi saa 9, naomba tuone leo kama yaweza kuisha." Hio sentensi moja nimeiona ikifanya kazi mara nyingi. Karani wengi si wabaya, ila hakuna aliyewaambia kwamba huyu mama akikosa leo ni siku nne.

Ukiambiwa njoo kesho usiseme sawa na usipige kelele. Uliza maswali kwa upole, kesho saa ngapi, nimuulizie nani kwa jina, ni nini hasa kimezuia leo, na je kuna kitu naweza kukiacha hapa nikapigiwa simu. Andika majibu kwenye daftari mbele yake. Sio kumtisha, ni kwamba mtu akiona neno lake linaandikwa huwa analifikiria mara ya pili. Kama amesema mkubwa ndio lazima atie saini na mkubwa hayupo, uliza nani anakaimu, ofisi ya serikali haiwezi kukosa mtu wa kukaimu mwaka mzima. Tazama ukutani pia, ofisi nyingi zina mkataba wa huduma umebandikwa, jambo fulani ni siku ngapi na ni shilingi ngapi au ni bure. Watu hupita pale kila siku wasisome. Usome, uupige picha, na ukiambiwa kinyume chake muoneshe kwa adabu.

Na hii ni haki yako wala si fadhila. Katiba ya 2010 kifungu cha 47 chasema kila mtu ana haki ya kuhudumiwa na utawala kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki, na uamuzi ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 232 chataka utumishi wa umma uwe wa haraka na usio na upendeleo. Kuna sheria ya 2016 ya kupata habari, ukiomba taarifa kwa maandishi ofisi ina siku 21 kukujibu. Sikwambii ukaisome sheria yote, nakwambia tu ukijua hayo hutosimama pale dirishani kama mtu anaeomba sadaka.

Pesa. Tangu 2023 malipo ya huduma za serikali kuu yanapitia paybill 222222, namba ya kulipia kwa simu, unapata ujumbe na risiti. Yeyote anaekwambia mpe mkononi ili "iende haraka" anakuibia wewe na anamuibia anaekuja nyuma yako, manake ukitoa chai leo ile saa 10 ya kufunga inakuwa ndio bei, kesho hakuna anaehudumiwa asubuhi bila kitu. Najua ni rahisi mie kusema nikiwa naishi hapa hapa, na najua mtu mwenye boti inayomngoja anashikwa na hofu. Bado nasema usitoe, na namba ya bure ya tume ya kupambana na ufisadi EACC ni 1551.

Sasa upande wa pili, manake nisipousema nitakuwa sijatenda haki. Sio kila ukiambiwa sistemu iko chini unadanganywa. Julai 2023 eCitizen yenyewe ilishambuliwa na wadukuzi nchi nzima ikasimama, na netiweki yetu huku visiwani tunaijua sote. Vitambulisho vinachapishwa Nairobi, karani wa Amu akikwambia chako hakijaja hana anachoficha, kumtukana ni kumuonea. Na ofisi nyingine kweli ina mtu mmoja, kompyuta moja, kata nzima yamtegemea yeye, akiugua imefungwa. Mtu kama huyo anastahili kusemewa kwa wakubwa wake aongezewe mwenzake. Kuna karani mmoja mie namjua, siku za bamvua anachelewesha lanchi yake mpaka watu wa boti waishe, hakuna aliyemuagiza. Tatizo ni kwamba tunapowasema wote kuwa wavivu huyu hapati shukrani yoyote, na yule wa kiti kitupu anajificha nyuma ya jina la wote.

Kama umefanya yote hayo na bado umezungushwa, peleka malalamiko na uyapeleke kwa maandishi. Anza na mkuu wa ofisi ile ile, barua fupi nusu ukurasa, tarehe uliokuja, saa ulizoandika kwenye daftari, uliambiwa nini na nani, wataka nini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Usipojibiwa iende kwa Tume ya Haki ya Utawala, watu wanaiita Ombudsman, ilianzishwa kwa sheria ya 2011 na kazi yake ndio hii ya ucheleweshaji na kunyanyaswa ofisini, wanapokea malalamiko bila malipo. Mkiwa watu kumi wa boti moja mmepatwa na jambo lile lile andikeni barua moja mtie saini wote kumi, ina uzito mwengine kabisa. Twaandika barua za kuchangisha harusi na za kuomba mifereji, hii pia tuiandike.

Jambo la mwisho, na hili limewaponza wengi kuliko hata milango iliofungwa. Ukipewa cheti usikikunje ukakimbilia boti. Simama pale pale dirishani usome herufi kwa herufi, jina la mtoto, la baba, la mama, tarehe, pahali alipozaliwa, kilinganishe na kitambulisho chako. Mohamed na Muhammad, Fatma na Fatuma, kwetu ni mtu mmoja lakini kwa sistemu ni watu wawili, na kurekebisha baadae ni fomu nyingine na safari nyingine. Kama huoni vizuri au husomi muombe mtu wa nyuma yako akusomee kwa sauti. Jumatatu ile shangazi alipokabidhiwa alikiweka juu ya kaunta akafuatisha kila herufi kwa kidole gumba huku mie namsomea, watu wa nyuma wananung'unika, akafika kwenye jina la mkwewe akasimama, kulikuwa na herufi imekosekana. Karani akakichukua akakirekebisha pale pale akachapisha chengine, dakika saba, na boti ya saa 9 tukaiwahi.